UZI: Nani mwenye chumba? Biashara ya ngono kutoka Getembe hadi Pumwani, na kwa nini mjadala wetu umekwama

1.
Wadau, huu ni uzi mrefu, chukua chai. Kila ikitoka filamu kuhusu wanawake wanaouza ngono, maoni chini yake huwa yale yale matatu: "Hii si mila yetu." "Sheria inakataza." "Ni uvivu tu, wakafanye kazi." Halafu anakuja mheshimiwa kwenye baraza, anaahidi kusafisha mji, watu wanapiga makofi, tunaenda nyumbani. Leo tuyachukue hayo madai matatu tuyapeleke kwenye historia, tena historia ya huku kwetu Kisii na Nyamira, tuone ni lipi linasimama. Kama kawaida ya ukurasa huu, hatutaji mwanasiasa wala chama.

2.
Tuanze na filamu yenyewe. Mwaka 2011 mwongozaji kutoka Austria, Michael Glawogger, alitoa Whores' Glory. Ina sehemu tatu: Bangkok nchini Thailand, Faridpur nchini Bangladesh, na Reynosa nchini Meksiko, karibu na mpaka wa Marekani. Nchi ya Wabudha, nchi ya Waislamu, nchi ya Wakatoliki. Hakuna sauti ya msimulizi inayokuambia umhukumu nani. Kamera inakaa tu na watu, wanakula, wanaomba, wanabishana bei.

3.
Bangkok, wanawake wanakaa nyuma ya kioo wakiwa na namba, mteja anachagua. Wakifika kazini wanapiga kadi ya saa kama watu wa kiwandani. Faridpur, danguro ni mtaa mzima wenye vyumba vidogo vidogo, na wasichana wadogo wako chini ya wanawake wakubwa wanaoshika pesa. Reynosa, ni milango kwa safu, wanaume wanapita polepole na magari.

Niliitazama hosteli na wenzangu. Dakika kumi za kwanza vijana walicheka. Baadaye hakuna aliyecheka.

4.
Mimi kilichonikaa akilini ni vyumba. Katika kila nchi, ukitaka kujua mwanamke anaishi vipi, uliza nani mwenye kile chumba. Nani analipwa kodi? Nani ana ufunguo? Nani anaweza kumtoa nje usiku? Dini inabadilika, lugha inabadilika, lakini hilo swali linakupa jibu kila mahali.

Filamu haikufika Kenya. Basi sisi tuandike sehemu ya nne, tuanzie nyumbani.

DAI LA KWANZA: "HII SI MILA YETU"

5.
Dai hili lina nusu ya ukweli, kwa hivyo tusilikanyage haraka. Ili ngono iwe biashara ya kila siku unahitaji vitu vitatu: pesa taslimu, vyumba vya kukodi, na wanaume wengi wanaoishi mbali na nyumbani. Gusii ya kabla ya ukoloni haikuwa na mji. Ng'ombe ndio walikuwa mali, na boma lilikuwa la ukoo. Kwa hivyo ndiyo, biashara hii kama tunavyoijua ilikuja na mji. Swali ni hili: mji ulikuja vipi, na mwanamke aliyeenda huko alikuwa anakimbia nini?

6.
Waingereza walishambulia Gusii mwaka 1905, wakarudi kwa ukali zaidi mwaka 1908. Katikati hapo, mwaka 1907, wakaweka kituo cha serikali mahali palipoitwa Getembe. Wazee wanapaita Bosongo mpaka leo, yaani kwa wazungu. Januari 1908 Otenyo alimchoma mkuki Northcote, ofisa wa serikali, na jina la Moraa aliyewahimiza vijana kupigana linajulikana na kila mtoto wa huku. Tunachosahau kusimulia ni kilichofuata vita: kodi ya kibanda. Kodi ililipwa kwa pesa, na pesa zilipatikana kwa kumfanyia mzungu kazi.

7.
Ndipo wanaume wakaanza kutoka. Wengine walichukuliwa kubeba mizigo katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Kuanzia miaka ya 1920 mashamba makubwa ya chai yakafunguliwa Kericho, ng'ambo tu ya Nyamira. Mshahara ulihesabiwa wa mtu mmoja, ati familia yake inajilisha huko nyumbani shambani. Maelfu ya wanaume wakawekwa kwenye laini za wafanyakazi bila wake zao.

Hebu fikiria hapo. Serikali na kampuni zilitengeneza wateja kwanza.

8.
Sasa upande wa wanawake. Kwetu, ng'ombe wa mahari hawakuwa zawadi ya harusi tu. Ng'ombe waliotolewa kwa dada ndio kaka yake alioa nao. Kwa hivyo binti akiacha mume, kuna deni: ng'ombe warudi. Lakini ng'ombe wameshaenda kwa mke wa kaka! Ndoa moja ikivunjika, ya pili inatikisika. Baba ana kila sababu ya kumwambia binti, "Rudi kwa mume wako, vumilia."

Na ardhi? Ilipita kwa wana wa kiume. Mwanamke alilima shamba la mume. Akitoka kwa mume hana shamba, na akirudi kwa baba ni mgeni.

9.
Miaka ya 1930 na 1940 mambo yakawa moto. Pesa ziliongezeka: mishahara ya Kericho, halafu kahawa, kwa sababu Kisii ilikuwa kati ya sehemu za kwanza nchini ambapo Waafrika waliruhusiwa kuipanda, katikati ya miaka ya 1930. Mahari ikapanda. Viongozi wakajaribu kuweka kikomo, watu wakakwepa. Vijana maskini hawakuweza kuoa, wasichana wakaozwa kwa wenye ng'ombe, na wengine wakatoroka na waliowapenda.

10.
Kesi zikajaa mahakama za wazee, ritongo. Baba anashtaki kijana aliyetoroka na binti bila kutoa ng'ombe. Mume anadai mke arudi au mahari irudi. Maofisa wa kikoloni waliziita "kesi za wasichana", na mwanahistoria Brett Shadle alitoa kitabu kizima kuzihusu mwaka 2006, Girl Cases. Ukifuatilia historia hiyo unaona jambo moja: wanaume wanabishana mbele ya wanaume kuhusu ng'ombe, na msichana ndiye kesi yenyewe.

Wengine hawakungoja hukumu. Walienda Kericho. Wakaenda mijini.

11.
Kwa hivyo jibu langu kwa dai la kwanza ni hili. Soko lililetwa na ukoloni, kweli. Lakini mlango ambao mwanamke alitokea uliachwa wazi na sisi, kwa sababu hatukumwachia pa kukaa nje ya ndoa. Ukisema "si mila yetu" umesimulia nusu ya wazungu, ukaficha nusu yetu.

PUMWANI: VYUMBA VYA WANAWAKE

12.
Twende Nairobi kidogo, kwa sababu huko ndiko historia hii imeandikwa vizuri kuliko popote Afrika Mashariki. Mwaka 1990 Luise White alichapisha The Comforts of Home. Aliketi na wanawake wazee wa Nairobi, akawauliza maisha yao, na wao wakamweleza kwa maneno yao ya Kiswahili. Walitofautisha aina tatu za kazi. Watembezi walitafuta wateja barabarani. Malaya, na hapa usiruke juu kwanza, alikuwa mwanamke anayekaa ndani ya chumba chake na kungoja mwanamume abishe hodi. Wazi-wazi, kuanzia miaka ya 1930, waliketi nje ya milango yao na kutaja bei hadharani. Wengi wao walitoka upande wa Bukoba, Tanganyika.

13.
Malaya wa wakati huo aliuza zaidi ya ngono. Mteja alipata chai, maji ya kuoga, chakula, mahali pa kulala, na mtu wa kuongea naye kwa heshima. Alipata nyumba ya saa chache. Asubuhi alirudi kazini akiwa amepumzika, na serikali ya kikoloni haikuwa imetumia hata senti kumjengea nyumba ya familia.

White anasema wazi: wanawake hawa waliubeba mji ambao haukutaka kuwaona. Mji uliwahitaji wanaume wafanye kazi, na mwanamke ndiye aliyewafanya waweze kuirudia kesho yake.

14.
Na pesa zilienda wapi? Wapo waliotuma nyumbani, wakawasaidia baba zao kununua mifugo baada ya magonjwa na njaa. Lakini wengine walijenga. Pangani, halafu Pumwani iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, sehemu kubwa ya wenye nyumba walikuwa wanawake. Janet Bujra aliliandika hili mwaka 1975 katika makala yake kuhusu wanawake wafanyabiashara wa Nairobi ya mwanzo. Wengi walisilimu, wakajenga ukoo mpya mjini, na wengine walichagua wanawake wadogo wawe warithi wao ili nyumba isirudi kwa baba au kaka huko mashambani.

Mwanamke aliyenyimwa shamba kijijini alipata nyumba yake mjini. Kwa njia ambayo hutaipenda, sawa, lakini aliipata.

15.
Halafu serikali ikaja na tingatinga la wakati ule. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Pangani ilibomolewa. Sababu zilizotolewa unazijua, ni zile zile za leo: usafi, utaratibu, mipango ya mji. Watu wengi wakahamishiwa Shauri Moyo, kwenye nyumba za baraza la mji. Mwenye nyumba akawa mpangaji.

Biashara haikuisha. Ilichobadilika ni nani mwenye chumba.

16.
Tusiwasahau wanaume wetu kwenye hadithi hii. Vyama vya kikabila vya mijini viliamua kwamba mwanamke asiye na mume mjini ni aibu ya kabila. Luo Union ilijulikana sana kwa kuwakamata wanawake na kuwarudisha kijijini kwa nguvu. Hawakuuliza alikuwa anakimbia nini. Hawakumrudisha mwanamume aliyekuwa mteja. Ukisikia leo mtu akisema "tuwarudishe makwao," jua hilo wazo lina karibu miaka 80 na halijawahi kumaliza chochote.

DAI LA PILI: "SHERIA INAKATAZA"

17.
Hapa wengi hushangaa. Sheria ya taifa ya Kenya haisemi kwamba mtu mzima anayeuza ngono ametenda kosa kwa kitendo hicho peke yake. Kanuni ya Adhabu, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1930 wakati wa ukoloni, inagusa vitu vya pembeni: kuishi kwa mapato ya ukahaba wa mtu mwingine (vifungu vya 153 na 154), na kutumia nyumba kwa ukahaba au kuendesha danguro (155 na 156). Halafu miji na kaunti zina sheria ndogo ndogo za kuzurura. Hizo ndizo kanjo hutumia usiku.

18.
Soma tena hiyo orodha. Sheria inagonga chumba. Wanawake wawili wakikodi chumba kimoja ili walindane, mahali hapo panaweza kuhesabiwa danguro. Mwanamume anayeishi na mwanamke huyo, sheria inamchukulia kwamba anakula pesa zake mpaka athibitishe vinginevyo. Kwa hivyo salama yake kisheria ni kufanya kazi peke yake, bila mlinzi, bila mwenzake chumba cha pili. Na akitoka nje barabarani, kanjo wanamngoja.

Mteja? Akiwa na mtu mzima aliyekubali, kifungu cha kumshika mteja mwenyewe ni shida kukipata.

19.
Matokeo unayajua hata kama hujasoma sheria. Akipigwa na mteja, ataenda kituoni kusema nini? "Nilikuwa wapi, nikifanya nini?" Akinyimwa pesa, ataenda kwa nani? Hongo ndogo ya kila usiku inakuwa kodi isiyo na risiti. Kwa miaka mingi wanawake wameeleza kwamba kondomu wakipatikana nazo inageuzwa kuwa ushahidi. Sasa tunamwambia mtu ajikinge na ugonjwa, halafu kinga yenyewe inamfunga.

Mwaka 2017, mwezi wa Desemba, bunge la kaunti ya Nairobi lilipitisha hoja ya kupiga marufuku ukahaba jijini. Tembea mjini usiku halafu uniambie kama uliisha.

20.
Kuna mstari mmoja ambao hauna mjadala na naomba tuuheshimu sote. Mtoto, yaani yeyote chini ya miaka 18, hawezi "kuuza" ngono. Huyo amedhulumiwa. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 na sheria ya 2010 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu ziko wazi. Zile picha za wasichana wadogo wa Faridpur kwenye filamu si "utamaduni tofauti" wa kuheshimiwa. Anayechanganya mtoto na mtu mzima kwenye mjadala huu, awe upande gani, anaharibu mjadala.

DAI LA TATU: "NI UVIVU, WAKAFANYE KAZI"

21.
Kazi ipi? Tuhesabu. Sensa ya 2019 ilikuta watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Kisii pekee ina zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita mraba, na hao ni watu wa kilimo. Wakati ardhi ilipopimwa na kuandikishwa, kufuatia Mpango wa Swynnerton wa 1954, hati nyingi ziliandikwa kwa jina la mwanamume. Shamba la babu likagawanywa kwa wana, wana wakawagawia wana wao, leo kuna watu wanalima kipande ambacho ukitema mate yanaangukia kwa jirani. Binti hata hayuko kwenye foleni.

22.
Utasema, sheria imebadilika. Kweli. Sheria ya Urithi ya 1972, iliyoanza kutumika 1981, inamtambua mtoto wa kike. Katiba ya 2010, kifungu cha 60, inakataza ubaguzi wa kijinsia kwenye ardhi. Lakini kuna sheria ya Nairobi na kuna kikao cha ukoo chini ya mti. Na hata Nairobi, Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema kwamba ndoa peke yake haimpi mtu nusu ya mali, lazima mchango uonyeshwe, ingawa ilikubali kwamba kazi ya nyumbani na malezi pia ni mchango. Sasa mwambie mama wa Nyansiongo aliyechuma chai miaka 20 kwenye shamba la jina la mume, aonyeshe risiti.

23.
Halafu kuna filamu ya pili ambayo watu wetu wanapaswa kuitazama kabla ya ile ya Glawogger. Februari 2023 BBC ilitoa uchunguzi kutoka mashamba ya chai ya Kericho yaliyokuwa chini ya kampuni za Uingereza. Wanawake zaidi ya 70 waliwaambia waandishi kwamba wasimamizi wao waliwadhulumu kingono. Kazi yenyewe ilikuwa na bei, na bei ilikuwa mwili.

Hao walikuwa "wanafanya kazi". Walifuata ushauri wa mheshimiwa wa baraza. Karibu miaka 100 baada ya chai ya kwanza, mpaka kati ya "kazi ya heshima" na ile nyingine, mwanamke maskini anaukuta umefutwa na bosi.

24.
Na huku mjini? Kisii iko kwenye njia panda. Lori linaloenda Isebania mpakani linapita hapa, la kutoka Kisumu linapita hapa, barabara ya kwenda Keroka na Sotik inaanzia hapa. Siku ya soko Daraja Mbili, pesa zinabadilisha mikono tangu alfajiri. Panapo madereva, wafanyabiashara na pesa za bonasi ya chai, patakuwa na loji, na panapo loji patakuwa na hii biashara.

Sasa uliza lile swali letu. Nani mwenye chumba? Mwenye loji anaheshimika, hukaa viti vya mbele kwenye harambee. Mwanamke analipia chumba kwa saa. Mji "ukisafishwa", anayelala seli ni nani kati ya hao wawili?

NENO "MALAYA" NA SIASA

25.
Kwa nini hili ni suala la ukurasa wa siasa? Kwa sababu neno lenyewe ni silaha ya siasa. Mwanamke akitangaza kuwania udiwani, kabla sera zake hazijasomwa ameshaitwa malaya. Akiwa hajaolewa, malaya. Akiwa ameachika, malaya. Akipanda jukwaani usiku na wanaume, basi kesi imeisha.

Angalia neno lilikotoka. Liliwahi kumtaja mwanamke mwenye chumba chake, pesa zake, asiye chini ya baba wala mume. Tusi limebeba hofu ile ile ya "kesi za wasichana": mwanamke asiye na mwenyewe. Ndiyo maana linamgusa hata mwanamke ambaye hajawahi kukanyaga loji. Katiba inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili ya viti, na neno moja linafanya kazi ya kuifuta hiyo sentensi kwenye kila kampeni.

26.
Na tusisahau deni. Tangu 1985 wanawake wauza ngono wa Majengo, Pumwani, wamefanya kazi na watafiti wa Vyuo Vikuu vya Nairobi na Manitoba, Kanada. Baadhi yao walionekana kutoambukizwa virusi vya Ukimwi licha ya kukutana navyo mara nyingi, na damu yao imefundisha sayansi ya dunia nzima kuhusu kinga. Ulimwengu umenufaika na miili yao mara mbili, na bado mtu akiwataja hutafuta tusi kwanza.

WENGINE WAMEFANYAJE?

27.
Kwa ufupi, kwa sababu mtaniuliza:

Senegal, nchi ya Waislamu wengi, imekuwa na mfumo wa kuwaandikisha tangu 1969, na kadi ya afya. Wengi hukwepa kujiandikisha kwa sababu ya aibu.

Uswidi tangu 1999 inamshtaki mnunuzi, si muuzaji. Wanaoiunga mkono wanasema ngono ya kununua ni dhuluma. Wanaoipinga wanasema mwanamke anasukumwa gizani akimfuata mteja anayejificha.

New Zealand mwaka 2003 iliondoa makosa ya jinai, ikaiweka chini ya sheria za kazi. Wanawake wachache wanaweza kushirikiana chumba kihalali.

Uganda, jirani, sheria inamfunga muuzaji mwenyewe. Biashara iko.

28.
Sina nia ya kukuambia uchague upi. Hata wanaharakati wa wanawake hawakubaliani, na pande zote mbili zina hoja nzito. Mimi mwenyewe nimebadilisha mawazo mara mbili nikisoma haya. Lakini baada ya kupita kwenye historia, kuna jambo moja sina shaka nalo: sera yoyote inayoanza na kumfukuza mwanamke chumbani, bila kuuliza atalala wapi kesho, imejaribiwa. Ilijaribiwa Pangani. Vyama vya kabila vilijaribu. Kaunti zimejaribu.

29.
Kwa hivyo mgombea akisimama kwenye baraza, iwe Ogembo, Suneka, Kebirigo au Keroka, akasema atamaliza ukahaba, usipige makofi kwanza. Inua mkono, muulize kwa heshima:

Mheshimiwa, binti akiachika, ana haki ya kujenga kwa baba yake au hana? Utasema hivyo mbele ya wazee?

Mwanamke akipigwa ndani ya loji, akienda kituoni atasikizwa au atawekwa ndani?

Kanjo wako watakamata nani, mpangaji wa saa moja au mwenye jengo?

Na wewe, una jengo?

30.
Swali la mwisho uliza ukiwa karibu na njia ya kutokea 😅

Mwisho wa uzi. Ukibisha, bisha kwa hoja, nitajibu. Ukitukana, nitajua umeishiwa. Na kama una bibi aliyeishi Kericho kwenye laini miaka ya 1950, au aliyepeleka kesi ritongo, keti naye kabla hujaketi na simu. Mengi ya haya hayajaandikwa, na wanaoyajua wanazeeka.